Siku Tulipopandishwa Daraja

Bomani kwa Riungu, karibu na soko la Mikinduri,
Tigania Mashariki, Meru.
Tarehe 11 Juni, 2025.

Kathure, mtoto wa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako ambaye bado anapumua, ingawa meno yamebaki manne na hayaongeleshani. Wewe uko mzima? Bwana yako je, na mtoto? Baridi ya huko Uswidi ni kama ile ya Timau, au nayo imeendelea kutupita? Funika kifua. Dada yangu hakukuzaa ili ugandishwe na Wazungu.

Sisi huku mvua imenyesha vizuri, maharagwe yamebeba. Goti langu la kushoto limekataa kazi lakini la kulia bado linatii serikali.

Barua hii nimemwachia Karimi, mke wa mwanangu, aipige picha akutumie kwa simu. Nimemwambia asisome. Najua atasoma. Karimi, kama uko hapa, endelea, lakini usilie juu ya karatasi.

Kathure, unakumbuka miaka kumi hivi imepita ulinipigia simu ukaniambia ati nchi yetu imepanda? Ulinieleza vizuri kama mwalimu. Ulisema kuna benki kubwa ya dunia inayopanga nchi kwa madaraja manne, kulingana na pato la kila mtu, na sisi tumetoka la chini kabisa tukaingia la pili kutoka chini. Ukasema wengine wanahesabu miaka ya kuishi na miaka ya shule, na zamani watu walisema tu ulimwengu wa kwanza, wa pili na wa tatu, kufuatana na nani alikuwa rafiki ya nani wakati wakubwa wakitishiana mabomu. Mimi nikakuuliza, mtoto akiwa namba tatu darasani si anachinjiwa kuku? Inakuwaje ulimwengu wa tatu ndio unachekwa? Ulicheka mpaka simu ikakatika.

Siku hiyo nilitembea sokoni kifua mbele. Nilimwambia kila mtu tumepandishwa. Jirani yangu Koome akaniuliza, "Riungu, na viatu vyako, vimeambiwa?" Huyo ndiye Koome, hakosi tusi.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikukuambia kwa simu wakati wa mazishi. Nilikuambia mke wangu Jedidah aliondoka kwa sababu ya moyo. Si uongo. Lakini ukweli nilikupimia nusu, na yeye ndiye aliyekulea, ndiye uliyemwita mama. Una haki ya kujua kwa nini moyo ulisimama.

Unajua dawa zake za moyo zilikuwa zinatoka kwa mradi wa wazee, ule unaolipiwa na marafiki wa ng'ambo. Kila mwezi pakiti tatu, bila kuulizwa kitu. Mwaka jana mwezi wa saba tukaitwa kanisani, tukaambiwa marafiki wale wamesoma kwamba nchi yetu si maskini kama zamani, kwa hivyo wamepeleka mkono kwa nchi zilizo chini zaidi. Kilichobaki kitapewa nyumba maskini kabisa pekee. Kila nyumba itahesabiwa na kupewa daraja lake. Nikafikiri, ala, kumbe hata boma langu litakuwa kama nchi!

Aliyekuja kutuhesabu ni msichana anaitwa Kinya, mwenye adabu, na simu pana ya kuandikia mkononi. Sasa wewe umelelewa hapa, unajua. Mgeni akiingia boma la Mmeru haonyeshwi chungu kitupu. Jedidah alipita nyuma ya nyumba, akaomba maziwa kwa Koome, akapika chai nzito hata kijiko kingesimama. Akachemsha mayai mawili, yale ya mwisho. Mimi nikavaa koti la harusi.

Ng'ombe watatu wa Koome walikuwa wamefungwa kwangu siku hiyo, kwa sababu ua lake lilikuwa limeanguka. Kinya akauliza, "Mzee, mko na ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia, "Msichana, si uko na macho? Hesabu."

Akahesabu. Akaandika tatu. Akauliza tunakula nyama mara ngapi. Nikasema, "Nyama? Hata imenichosha, siku hizi natamani mboga." Jedidah akanifinya mgongoni. Kinya akacheka, mimi nikazidi. Nikasema watoto wetu wako ng'ambo, watu wakubwa. Hapo nilikuwa nakusema wewe. Kinya akauliza kama mama ana shida ya kupata dawa. Nikajibu kabla Jedidah hajafungua mdomo: "Katika boma hili hakuna mtu anakosa kitu."

Kathure, hayo ni maneno ambayo baba yangu alikuwa anawaambia wageni hata wakati wa njaa. Niliyasema bila kufikiri, kama mtu anayepiga chafya.

Baada ya wiki mbili orodha ikabandikwa mlangoni mwa kanisa. Sisi tulikuwa daraja la pili kutoka chini, bila dawa. Koome, mwenye ng'ombe, alikuwa la chini kabisa, kwa sababu alihesabiwa siku ile ile, boma lake likiwa tupu, ng'ombe wako kwangu. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa, akaniambia, "Mzee, hii si haki, twende tuseme." Na tukaenda kweli, Koome akajishitaki mwenyewe mbele ya watu wa mradi. Tukaambiwa tujaze fomu ya kulalamika, ngojeni, kuna wengi. Chifu akaandika barua. Tukangoja.

Dawa zilizobaki Jedidah alianza kuzikata kwa kisu cha mboga, nusu kwa nusu. Mimi sikujua. Nilipata unga mweupe juu ya meza nikamwuliza kama anapika mandazi. Akasema, "Nenda zako, mzee wa daraja la pili." Akacheka. Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu siku hiyo, mzee wa daraja la pili, na mimi mjinga nikawa nacheka pamoja naye. Baadaye nusu zikawa robo. Miguu ikavimba. Mwezi wa tatu mwaka huu akashindwa kupanda ile njia ya kisimani, akakaa chini katikati, akaniambia nimwache apumzike kidogo. Alipumzika hapo hapo.

Wiki tatu zilizopita Kinya alirudi. Malalamiko yetu yamekubaliwa, boma langu limeshushwa mpaka daraja la chini kabisa, na alikuwa amebeba dawa za miezi sita, jina la Jedidah limeandikwa juu. Hakuwa amesikia. Aliingia akiwa na furaha, akaniuliza, "Mama yuko wapi, aweke sahihi?"

Nilimpeleka kwenye migomba, nikamwonyesha udongo. Msichana wa watu alilia mpaka nikaogopa ataanguka. Unanijua, sijawahi kukosa neno la utani, hata kwa mazishi ya askofu. Siku hiyo utani niliuacha, nikamkalisha kwenye kigoda. Nilimwambia dawa ampelekee mama yeyote wa daraja la pili anayekata zake kwa kisu, maana sidhani Jedidah alikuwa peke yake. Nikamwambia tena na hili aandike: ng'ombe si wangu, maziwa hayakuwa yangu, nyama tuliila Krismasi.

Siwalaumu wale wa benki, wala marafiki wa ng'ambo. Wao walihesabu tulichowaonyesha. Pengine hata nchi inafanya hivyo mgeni akija, inavaa koti la harusi. Maua ya mashamba ya Timau yanafika huko kwenu yakiwa bado na umande, na sisi tunasema tuko pamoja na dunia, tunashiriki. Sijui. Mimi niliacha shule darasa la sita.

Koome anakusalimu, siku hizi ananiletea maziwa kila asubuhi na hataki kuyazungumzia. Karimi anakusalimu, pamoja na mumewe Gitobu na binti yao Tabby, ambaye ametoboa masikio bila ruhusa. Wasalimie bwana yako na mtoto. Mungu aliyekutoa kwenye vumbi la Mikinduri akulinde kwenye theluji hiyo, na akupe uzee wenye meno.

Kathure, nakuomba kitu kimoja. Usinijibu kwa upole. Jedidah alijua ni mdomo wangu uliomnyima dawa, na siku zote zile hakunigombeza hata mara moja, na hiyo ndiyo inanimaliza. Piga simu, mwanangu. Nigombeze wewe.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Riungu