Jina Nililolitamka Vwawa

Tunduma, majira ya baridi

Dada yangu Bupe,

Barua hii ikikukuta umekaa na watu, ikunje kwanza, uisome ukiwa peke yako. Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto. Mguu wa mama umepungua uvimbe? Na baridi ya huko juu imewaachia chochote kwenye migomba? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nafundisha, nalala kidogo. Ila uso wangu, dada, ni mzito kuuinua mbele za watu, na nataka ulisikie jambo hili kwangu kabla hujalisikia kwa wapitao na mizigo yao.

Najua mmekwisha kusikia kwamba baba mkwe wangu alikamatwa huku. Hamjasikia jinsi alivyotoka, wala kilichomtoa.

Alikuja kutuletea maharage na ulezi, na kuuza mahindi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye ghala kubwa karibu na mpaka. Mume wangu alikuwa amevuka zamani kwenda migodini Rodesia, na habari hiyo ilikuwa haijafika kwa baba yake. Aliposikia kwa jirani kwamba mwanawe hayupo, hakukanyaga ua wangu. Aliacha vikapu vyetu kwa jirani huyo, akaenda na mahindi yake. Huko ghalani wakagombana juu ya mizani. Watu wengi walimsikia akisema kwamba ghala lililojazwa kwa mizani ile halitakaa. Usiku ule ghala likaungua.

Sasa sikiliza. Giza lilikuwa linaingia niliposikia mtu akikohoa kwenye banda la mbuzi, nyuma ya nyumba yangu. Kikohozi kile nimekisikia tangu niolewe. Kinapita nyuma ya ukuta, kinapita nyuma ya migomba, kunionya nitoke njiani tusikutane. Nilijua ni yeye, na nilijua hana pengine pa kulala. Nikasonga ugali, nikauweka pamoja na maharage juu ya kinu pale uani, nikafunga mlango kwa kishindo ajue kwamba siko nje. Watu walipoanza kupiga kelele za moto, alikuwa bado anakohoa palepale. Asubuhi nilikuta bakuli limeoshwa na kufudikizwa juu ya kinu. Aliondoka kabla sijafungua mlango, kwa heshima. Askari waliomkuta kwenye njia ya Undali, umande ukiwa bado miguuni, heshima hiyo waliiita kutoroka.

Walipomwuliza alilala wapi, akajibu porini.

Wewe ni Mndali, huhitaji kuelezwa kwa nini. Lakini mimi, dada, nilijua ukweli, na ningeweza kwenda kituoni asubuhi ileile. Nilifika hadi kwenye kona ya soko, nikageuka. Ningesema nini? Kwamba mume wangu yuko Rodesia na baba yake amelala kwangu? Nilisimama pale nikiyapanga maneno, na kila nilivyoyapanga yalinuka. Ndipo nikapata wazo ambalo mwanamke asiyekwenda shule asingelipata: nimtafute wakili. Tulifundishwa kwamba wakili ni mtu anayesema kwa niaba ya mwingine. Nikajiambia, basi aseme yeye, mimi ninyamaze.

Nilianza kwa mzee mmoja wa baraza la hapa. Akaniambia, "Mwanangu, ingekuwa kesi yetu ningekwambia umlete huyo mzee, tukae, tuzungumze. Lakini ya moto imechukuliwa na Serikali. Na sisi barazani wakili haruhusiwi hata kuegemea mlango. Huko Vwawa, kwa hakimu Mzungu, ndiko wanakowakubali."

Kuna bwana mwingine sokoni, ana meza, kofia na kalamu mbili mfukoni, naye hujiita wakili. "Mwalimu," akasema, "nitamwandikia hakimu maneno mpaka alie." Nikamwuliza kama ataingia mahakamani. "Maneno yangu yataingia," akasema. "Mimi nitabaki nje nikiyaombea." Waliokuwa karibu wakacheka, na mmoja akauliza kwa sauti mwalimu ana kesi gani. Nikaondoka haraka, jasho linanitoka katika baridi ile.

Aliyenisaidia ni Mhindi mzee mwenye duka la nguo, yule ninayenunua kwake vitambaa vya kushonea vya wasichana wangu wa shule. Nilimwambia nataka kuandika Dar es Salaam kwa wakili mkubwa. Akaendelea kupima kitambaa. "Usiandike. Wakili wa Dar atafika hapa kesi imekwisha, tena atauliza Vwawa ni mtu au ni mahali. Mbeya yuko mmoja. Kila hakimu akija Vwawa, naye yupo. Anawajua askari wote, anajua yupi anaandika alichoambiwa na yupi anaandika alichoota. Mtafute huyo."

Nikaomba ruhusa shuleni kwa uongo wa kuumwa jino, nikapanda lori la mahindi mpaka Mbeya. Wakili nilimkuta. Ni Mhindi pia, mwembamba, amezaliwa nchi hii, Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Ana shahidi?"

"Hana," nikasema.

Nililisema hilo kwa mdomo wangu huu. Akaniangalia, akaandika, akasema atakuja.

Siku aliyokuja Vwawa kuzungumza na mahabusu, nami nikiwapo, mambo yakaanza kunigeukia. Mzee hajui Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni. Mndali aliyekuwapo ni askari mmoja, tena ndiye aliyemkamata. Wakili akamkataa. "Siwezi kumpa polisi siri ya mtu wangu. Mwalimu, utatafsiri wewe."

"Siwezi," nikasema. "Ni baba mkwe wangu. Kwetu mwanamke hamtazami baba wa mume wake, wala hakai naye chumba kimoja, wala hasemi naye."

"Na jina lake?"

"Hata jina lake halitamki."

Akavua miwani akaifuta. "Mwalimu, hakimu anaweza kumfunga miaka mingi. Kaa popote unapoweza kukaa."

Nikakaa mlangoni, mgongo kwa ndani, kitambaa nimekivuta mpaka usoni. Nilisikia minyororo, kisha nikasikia Mzee akikaa kuelekea ukutani. Akaanza, taratibu, kwa Kindali chetu cha juu kabisa, na hakusema na wakili wala na mimi. Alisema na mwavuli wa wakili uliokuwa umeegemezwa pale. "Wewe mwavuli, mwambie bwana wako kwamba mimi nililala porini."

"Anazungumza na nani?" wakili akaniuliza.

"Na mwavuli wako."

"Haya. Mwavuli wangu umeona kesi nyingi. Uulize porini alikula nini."

Nikauambia mlango, mlango ukauambia mwavuli. Ndivyo tulivyofanya, dada, na ungekuwapo ungecheka, ila mimi nilizidi kukivuta kitambaa usoni.

"Nilikula ugali," Mzee akasema.

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa maharage."

"Porini kuna nani anayepika maharage?"

Hilo nililitafsiri. Nilimsikia akivuta pumzi yake nzito, nikajua kwamba hatajibu hata wamfunge, na kwamba hatajibu kwa sababu niko mimi mlangoni. Mzee yule alikuwa ananikinga mimi. Ananikinga kwa kifungo chake, na mimi mtu niliyesoma nimesafiri mpaka Mbeya kutafuta wa kunikinga zaidi.

Nikasema kwa Kiingereza, ili yeye asielewe, "Nilipika mimi." Nikaeleza yote, kikohozi, kinu, bakuli, kelele za moto.

Wakili akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo wewe si mkalimani tena. Wewe ni shahidi."

"Sikuja kutafuta hayo."

"Ulikuja kutafuta nini?"

"Wakili."

"Umempata. Lakini mimi sikuwa Tunduma usiku ule. Wakili hawezi kuona kwa niaba ya mtu, wala kusikia kwa niaba yake. Utakuja kusema mwenyewe, au mzee huyu atakwenda jela."

Nilirudi Tunduma. Sitakueleza siku zile.

Siku ya kesi palijaa watu. Wengine walitoka Iyula, wengine Ndalambo, na nusu ya soko letu la Tunduma lilikuwapo, maana ghala lile lilikuwa na mahindi ya wengi. Hakimu alikaa na wazee wawili wa kumshauri mambo ya mila. Nilisimama nikiitazama sakafu. Wakili aliniuliza vizuri, nikajibu. Kisha akainuka mkuu wa polisi aliyeshika upande wa Serikali.

"Mume wako yuko wapi?"

"Rodesia."

"Na usiku huo mwanamume alilala kwako."

"Alilala kwenye banda la mbuzi."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa Kibemba jambo ambalo sitaliandika, wakacheka tena.

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Umewahi kumwona?"

"Tangu niolewe sijamtazama usoni."

"Basi ulijuaje kuwa ni yeye?"

"Kwa kikohozi chake."

"Tunduma nzima inakohoa wakati huu wa baridi, mwalimu."

Hata hakimu alitabasamu. Nikaona, dada, kwamba nimejivua nguo bure. Nimelisema lililo la aibu na halikusaidia kitu. Hapo maneno yakanitoka bila kuyapanga. "Mwizi angejificha asionekane na mtu yeyote. Mtu yule alijificha nisimwone mimi tu. Alikohoa kwa makusudi, nijue nisitoke. Nani mwingine duniani angenifanyia hivyo?"

Hakimu akauliza, "Unamtaja nani? Mahakama haiwezi kuandika 'baba mkwe'. Mtaje kwa jina."

Nikamtazama wakili. Yeye ndiye niliyemtafuta aseme kwa niaba yangu, na wakati ule aliangalia karatasi zake.

Nikalitamka. Jina lake lote, la kuzaliwa na la baba yake. Sitaliandika hapa, maana kulisema mara moja kumenitosha. Nilisikia minyororo ikigonga sakafu, na Mzee akatoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba. Askari wetu Mndali, aliyesimama kwenye mlango, akajifunika uso kwa mkono.

Mmoja wa wale wazee wawili, Mnyiha wa Iyula, akamwinamia hakimu. Hakusema kwa kunong'ona, kila mtu alisikia. "Bwana, hawa watu wa milimani nawafahamu, nasi yetu yanafanana na yao. Mwanamke akisema uongo husema ili apate kitu. Huyu amepoteza. Hakuna mwanamke wa kule atakayelitamka jina hilo mbele ya watu kwa ajili ya uongo."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza upande wa Serikali kama kuna mtu aliyemwona mshitakiwa karibu na ghala baada ya jua kuzama. Hapakuwa na mtu. Akamwachilia.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Njia ya kwenda kwenye malori inapita kando ya uwanja, na yeye alikuwa mbele yangu, amekwisha kufunguliwa, amejitanda blanketi. Nikatafuta pa kujificha, hapakuwa na mti wala ukuta. Kwa kawaida ni mimi ninayeingia kwenye majani. Lakini yeye akatoka njiani, dada, mzee wa umri ule, akaingia kwenye majani marefu mpaka magotini, akanipa mgongo, akasimama hivyo mpaka nilipopita. Sijui kama ilikuwa heshima au ilikuwa kunikataa. Nimewaza kila siku na bado sijui.

Huku watoto wa mitaani wananiita Mwalimu wa Banda. Wasichana wangu darasani hawacheki, lakini huacha kuongea ninapoingia, nako ni kucheka kulekule. Mume wangu nimemwandikia, ila barua za migodini hupita mikono mingi, na wachuuzi wa Kibemba watamfikia kabla ya barua hiyo. Wakili alipoaga aliniambia nimefanya vizuri. Nilimshukuru. Yeye alirudi Mbeya na mwavuli wake, na mimi ndimi niliyebaki na jina mdomoni.

Ninachokuomba ni hiki. Nenda kwa mama mkwe wangu. Usianze na kesi, anza na maharage aliyotuletea mzee, sema yalifika. Kisha mweleze yote kama nilivyoandika, usinipunguzie. Mwulize ni nini hufanywa kwa mwanamke aliyetamka jina lile. Kama ni kuku, kama ni maji, kama ni kukaa kwa mama yetu mpaka niitwe, nitafanya. Kama wanasema mimi si mke wa nyumba ile tena, nalo niambie waziwazi. Sitapanda milimani mpaka nisikie.

Nisalimie mama, na umwambie sijambo. Nisalimie mjomba fundi wa majembe, na shangazi mkunga, na mchungaji aliyetubatiza, ila huyo usimpe barua hii. Nisalimie wifi zangu kama wanataka kusalimiwa na mimi. Msalimie mama mkwe baada ya kuusoma uso wake.

Na Mzee, salamu siwezi kumtumia, kwa kuwa sikuwahi kumtumia na sasa siwezi kuanza. Lakini ukimkuta ameketi nje, simama nyuma ya ukuta, umwambie mtu yeyote, kwa sauti ya kutosha, kwamba mke wa mwanawe alifika nyumbani salama.

Mimi mdogo wako,
Atupele