Nilimkana Shangazi Uani pa Nyumba ya Dawa

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Neno hili sijamwambia mtu yeyote, hata padre katika kitubio nilimtajia uvivu na ulafi nikalipita hili kama mtu anayempita nyoka njiani, kwa hiyo wewe ndiwe wa kwanza, na naomba unisaidie kwa kuwa siujui uso wako wala wewe hutauona wangu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano, nasoma shule ya misheni upande wa Songea, tunafundishwa Kiswahili na Kijerumani. Si msemaji. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nainamisha kichwa mpaka aulizwe mwingine.

Nilimkana shangazi yangu.

Shangazi Chiku ndiye aliyenilea. Mumewe alinyongwa wakati wa vita vya maji, kisha njaa ikaja ikawachukua baba na mama, na shangazi akanibeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi mwenye miguu inayoburuta, akichimba mizizi porini, yeye akila maganda na mimi kiini, hadi akanifikisha misheni nikapata uji, naye akarudi kwake Matogoro peke yake.

Sasa, Jumanne ya juma lililopita sindano ya kushonea ilinikatikia kidoleni, Sista akaniandikia cheti, akanituma nyumba ya dawa pamoja na mwenzangu Notburga. Pale kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu anaijua: mwenye cheti cha Mzungu au cha akida, au askari na mkewe, hupitia barazani, asiye na cheti hukaa uani juani mpaka aitwe, na mwita watu ni msaidizi mmoja, Polikarp, naye huita apendavyo. Tulifika saa mbili asubuhi. Uani walikuwapo watu kama thelathini. Jumbe mmoja aliyevimbiwa nyama ya arusi alikuwa anatoka, amekwisha pewa dawa, anapiga mbweu, na mama mmoja wa Kiyao aliyempakata mtoto mwenye homa akasema, "Sisi hata kufa tutangoja zamu," wenzake wakacheka kicheko cha njaa.

Polikarp alikuwa anamfukuza mama mmoja aliyejivuta kivulini, mkono umefungwa kwa jani la mgomba.

"Nimeungua, baba. Chungu cha pombe ya ugimbi kimenimwagikia kikichemka. Niko hapa tangu saa kumi na mbili."

"Cheti kiko wapi?"

"Sina."

"Mumeo je? Hana mdomo wa kukuombea?"

Yule mama akainama kulikaza lile jani la mgomba. Mzee mmoja akamjibia, nadhani kwa huruma, kwamba mumewe alinyongwa na wenzake wa maji, naye Polikarp akapiga makofi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Ahaa, bibi wa maji! Si mlikunywa dawa yenu ili risasi zigeuke maji? Kainywe tena, na moto nao ugeuke maji!"

Notburga akacheka. Nami nikacheka. Nilicheka, Mshauri, kabla sijamtazama yule mama usoni, na nilipomtazama alikuwa shangazi.

"Mwanangu," akasema, na uso wake ukafunguka kana kwamba mkono umekwisha pona.

Polikarp akanigeukia. "Binti, huyu unamjua?"

Nilikuwa nimevaa gauni jeupe, cheti mkononi, Notburga ananitazama. Nikasema, "Simjui."

Shangazi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimwambia Polikarp, "Ni kweli, baba. Moshi umeniharibu macho, nimemfananisha." Akarudi juani akaketi.

Ndani nilimwamkia Bwana Mganga, Mzungu mwenye nyumba ile, kwa Kijerumani, akafurahi sana, akaitoa ile sindano kwa koleo ndogo, akanipa na kipande cha sukari. Kisha akauliza kama huko nje yuko mtu aliyeumia vibaya, maana dirisha lake linatazama bustani, ua haoni. Polikarp akajibu upesi, "Homa na uvivu tu, Bwana," akanikazia macho, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na lugha mbili kinywani, sikutumia hata moja.

Tuliambiwa tungoje barazani dawa ya kupeleka misheni, tukakaa kivulini mpaka kengele ya saa sita, na muda huo wote sikugeuza shingo upande wa ua. Kengele ilipolia Polikarp akapaza sauti, "Kesho!" Nikahesabu migongo: watu kumi na wanne walirudi makwao bila kuonwa, na mmoja wao alikuwa shangazi.

Kesho yake, nilivyosikia, hakuja. Jumapili nilipata ruhusa nikaenda Matogoro, nikamkuta amelala, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, vidole vimeanza kugandana, unanuka, na mwili wake ni moto mtupu. Nikamsihi arudi kwenye dawa. Akasema, "Siendi, mwanangu. Afadhali nioze kwangu kuliko kuozea katika vicheko vya watu." Hakusema ni nani aliyecheka, wala kwamba alinisikia. Aliniuliza kama kidole changu kimepona.

Na sasa Sista amenichagua mimi, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, niandike barua ya shukrani, ukurasa mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kijerumani, kwamba katika nyumba ya dawa wagonjwa wote hupokelewa upesi na kwa upendo, isomwe mbele ya bwana mkubwa anayetoka Daressalam. Wote! Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Namkasirikia Polikarp, nakikasirikia kile cheti, najikasirikia mimi. Kidole changu kilikuwa na haki gani kuupita mkono wake? Nikiandika kweli nitafukuzwa, na sina pengine pa kwenda. Nikiandika uongo nitakuwa nimemkana mara ya pili, na safari hii kwa wino. Nimewaza niende kwake usiku mmoja nimwombe radhi sikioni, mtu asijue, halafu ile barua niiandike tu kama nilivyoagizwa, lakini moyo haukubali. Niambie, Mshauri, niandike nini, na je, nika

nasikia viatu ukumbini, ni vya Sista, vinakuja huku, karatasi naiweka chini ya

JIBU LA MSHAURI

Binti, barua yako imekatika katikati ya neno, haina jina, na imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama punje ya hindi. Hata hivyo imefika, basi baada ya vile viatu kupita uliitoa ulipoificha ukaipeleka posta. Ujasiri huo unao tayari, usiniambie huna.

Pole. Mtoto aliyeokolewa na njaa huogopa kupoteza uji hata akiwa ameshiba, na hofu hiyo ndiyo iliyosema "simjui" kabla yako. Naijua. Pole yangu inaishia hapo.

Umejaza karatasi nne ukiniuliza uandike nini, na huko Matogoro mkono unaoza! Barua imetembea na matarishi wa posta hadi pwani, ikapanda meli, ikanifikia siku ya ishirini na sita. Umemketisha shangazi yako katika zamu nyingine, ndefu kuliko ya Polikarp, na mwita watu wa zamu hii ni mimi. Kazi hiyo siitaki. Nimemwomba mhariri alitangulize jibu hili mbele ya habari za bei ya mpira wa mashamba.

Nawe Polikarp, nimeliacha jina lako kama lilivyoandikwa. Vita vimekwisha. Waliopigana waliadhibiwa kwa kamba, na wake zao kwa njaa. Nani amekupa wewe kazi ya kuwaadhibu tena mlangoni pa dawa? Ngozi ikiungua haisemi mume alikunywa nini.

Turudi kwako, binti. Usiende kwa shangazi usiku kumnong'oneza. Ulimkana mbele ya watu thelathini. Radhi ya gizani ni rahisi mno. Alikusitiri uani, basi mkubali uani.

Mwambie Sista kweli yote. Huenda ni mwema kuliko unavyomwogopa, maana hujamjaribu hata mara moja, umesikiliza viatu vyake tu. Omba watu wa machela. Mkono uoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na kitambaa safi kiwekwe kati ya kidole na kidole. Usikubali mtu apake samadi wala unga. Kisha mpitishe barazani. Ukiulizwa cheti, sema kwa Kijerumani, kwa sauti itakayofika mpaka dirisha la bustani: huyu ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea, ameungua, alikuja hapa akarudishwa. Ukitetemeka, tetemeka huku unasema.

Na ile barua ya shukrani, kama haijasomwa bado, usitukane ndani yake wala usisifu. Andika saa. Saa kumi na mbili alifika mwanamke aliyeungua mkono, hakuonwa. Saa mbili alifika msichana mwenye sindano kidoleni, akaonwa pale pale. Jumbe aliyevimbiwa alionwa kabla ya wote wawili. Saa sita watu kumi na wanne walirudishwa. Ukurasa wa Kijerumani uandike vivyo hivyo, bila kupunguza hata dakika. Bwana mkubwa akikasirika, na aikasirikie saa. Wakikufukuza, watakuvua gauni. Lugha zako mbili hawawezi kukuvua.

Sitakudanganya: huenda tumechelewa, wewe na mimi. Kama amekwisha kufa, nenda uani vile vile, useme mbele ya wote kwamba yule alikuwa shangazi yako, maana wale wengine kumi na watatu bado wanangoja. Lakini mimi naandika kama ninayemwandikia mtu ambaye shangazi yake yu hai.

Najua shule za misheni husoma gazeti hili kwa sauti, wanafunzi wote wamekaa. Basi huenda neno hili linasomwa sasa, na Notburga yuko kando yako, na Sista mlangoni. Usingoje msomaji amalize. Simama, binti, useme: barua hiyo ni yangu, naomba machela.