Miche ya mafuta kwenye maharagi ya maman

Bukavu, Jumamosi, kisha salongo, ile kazi ya lazima ya umma

Wiki tatu nimemficha professeur wa biolojia habari ya miche yake, na leo amekuja mwenyewe nyumbani.

Alinikabidhi miche sita ya mbono. Kwa agizo lake, kila usiku nililaza ile miche kwenye frigo ya tonton, mjomba wangu, na mchana sikuinywesha maji. Professeur anatafuta mbono isiyoogopa ukame wala barafu, ipandwe kule nyanda za juu za jimbo la Shaba, mbegu zake zitoe mafuta ya motokari. Miche yote ikapukutisha majani. Maman akaona vijiti vikavu tu, akaving'oa kwenye vyungu na kuvichomeka shambani ili maharagi yapande juu yake.

"Miche iko wapi?" professeur ameniuliza. Nilikuwa nawaza zero, na kurudia mwaka.

Maman ndiye aliyejibu: "Bile bijiti? Biko binatumika kazi."

Akatupeleka shambani. Vijiti vitano vimeoza. Cha sita kimetoa majani mawili mabichi. Professeur akapiga magoti kwenye matope na suti yake mpya ya abacost.

"Maman, mche huu umeshinda baridi. Niruhusu niung'oe."

"Hapana, Papa. Maharagi imeshaushika. Mafuta yako itangojea tuvune kwanza."

Amekubali, masikini. Na zero sikupata. Lakini kuanzia Jumatatu, kila asubuhi, nitasimama mbele ya darasa lote nieleze hali ya kile kijiti. Kwa sauti kubwa, amesema.

Afadhali ningerudia mwaka.