Mgeni Aliyekuja na Baba Yake Gundi

Mwenzangu, uko?

Yule kipa wangu, Gundi, ambaye baba yake hakutaka hata kusikia habari za mpira. Leo baba mtu kaja uwanjani. Nilimbembeleza mimi mwenyewe, nikamwambia njoo umwone binti yako mara moja tu, moyo utalainika.

Kaja na mgeni, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi. Gundi akapangua penalti, baba akapiga makofi. Nikalengwa na machozi ya furaha, mjinga mimi.

Mechi ilipoisha nikawafuata. Baba anamwambia mgeni, "Si nilikwambia ana nguvu? Huyu hata azae kila mwaka hachoki."

Mgeni akacheka. "Nimeridhika, mzee. Shule zikifungwa nakuja kumchukua."

Kumchukua. Mtoto wa darasani kwangu.

Baba akanishika mkono. "Asante, mwalimu. Umenisaidia kumwonyesha."

Umenisaidia.

Mara Gundi huyo, anakuja mbio na glavu zake. Unakumbuka niliwaambia wasichana wa timu kwamba atakuja mwalimu wa shule ya bweni kuchagua wa kusomeshwa bure? Akamgeukia mgeni. "Shikamoo, mwalimu. Nimefaulu?"

"Marahaba. Umefaulu sana."

Baba yake alikuwa ananitazama. Nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza.

Sasa wenzake wamembeba mabegani, wanaimba. Nimejifungia stoo ya mipira. Ameshagonga mlango mara mbili, anataka nimpigie mama yake simu nimpe habari njema.