Nimebatizwa, Nikiitwa Jina la Zamani, Niitike?

Mshauri mpendwa, nisaidie, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada na wanaonijua watashangaa, maana mimi ndiye fundi bodi niliyenyoosha magari ya wakubwa mpaka wenyewe wakasahau yaligongwa wapi, na shule sikumaliza lakini barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Gereji nzima wananiita Nyundo, jina nililolipata kwa kazi na kwa ngumi pia, kwani zamani ukinijibu vibaya nilikuwa sichelewi. Sasa nimeokoka uzeeni, nikabatizwa kwenye maji mengi mbele ya watu, mchungaji akasema mtu wa zamani amezikwa, umevaa mtu mpya, na mimi nikishika neno nimeshika, nikatangaza gereji kwamba Nyundo amekufa, atakayeniita hivyo siitiki ng'o.

Basi wakaona wamepata mchezo. Mpiga rangi anapita nyuma yangu, "Nyundo, shikamoo!" Kimya. "Marehemu, chai imefika!" Kimya. Wanacheka, mimi nasugua msasa, moyoni nasema Bwana unaniona nilivyo imara.

Siku hiyo mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye tunafanya kazi pamoja na kanisani haendi, alikuwa ameingiza mkono chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, mimi nimempa mgongo, nikasikia "Nyundo! Nyundo, njoo!" nikajua ni mzaha uleule, nikakaza shingo, akaita tena, nikakaza tena, kisha nikasikia jeki inateleza, chuma kinashuka na yeye analia. Vidole viwili vimevunjika, vya mkono wa kulia, mkono wa kazi.

Na kinachoniondolea raha ni kwamba hakunitukana, tulipomtoa alisema tu, "Pole baba, umeshtuka," yaani aliyeumia ni yeye halafu pole ananipa mimi! Mke wangu ananiuliza, "Mzee, huyo mtu mpya wako ni kiziwi?" Binti yangu amenifungia mlango, akasemea ndani, "Afadhali yule Nyundo mgomvi. Yule angekuja mbio." Tangu aseme hivyo, chakula sili. Mimi sikukosea, nilikuwa natetea wokovu wangu, lakini kila nikipiga magoti naogopa, nawaza labda yule wa zamani hakuzikwa, labda siku ile nililowa tu, na kwa umri wangu huu Mungu akiniita kesho, atakayekwenda ni nani? Nataka nibatizwe tena, mchungaji anakataa. Nifanyeje? Nijibu moja kwa moja, sipendi kuzungushwa.

Mtu Mpya Mwenye Hofu

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Hutaki kuzungushwa, basi kaa vizuri: ulikosea. Hukuwa unatetea wokovu, ulikuwa unashindana na mpiga rangi nani atachoka kwanza. Ukaidi wako wa gereji uliuvika nguo za kanisani, ukauita imani.

Sasa hiyo hofu. Pole sana, wala sikucheki. Ila nakuuliza: zamani, ulipokuwa huchelewi na ngumi, uliwahi kushindwa kula kwa sababu mtu mwingine ameumia? Kuna kitu kimeguswa ndani yako, na aliyekigusa si wewe. Huo upya ulipewa bure, mzee. Hukuupata kwa kukaza shingo na hautapotea kwa kuitika. Wewe ni wa Kristo wakikuita Nyundo, wakikuita baba, hata wakikuita marehemu. Maji ya pili hayataongeza kitu, kwa hiyo mwache mchungaji wa watu apumzike.

Lakini usijidanganye kwamba kazi imekwisha. Majivuno yako yanaamka kila asubuhi pamoja nawe na kudai chai. Kabla hujavaa ovaroli, mwambie Mungu kwa maneno yako mwenyewe, bila madoido: leo pia nibadilishe. Kuna siku utaharibu kabla ya mchana. Omba msamaha, endelea na kazi. Hata huyo mchungaji anaishi hivyohivyo.

Leo hii nenda kwa mkweo. Mwambie: "Uliniita, nikasikia, nikakataa kuja. Nisamehe." Weka nukta hapo. Usiongeze "lakini," usitaje ubatizo, na tafadhali usianze habari za magari ya wakubwa. Mpaka vidole vyake vipone, kazi zake uzifanye wewe, na sifa zake apate yeye. Binti yako akifoka, msikilize mpaka amalize, usimjibu kwa mstari wa Biblia. Asipokufungulia, usigombe pale mlangoni. Rudi kesho, na kesho kutwa, na siku zitakazofuata. Ukaidi unao wa kutosha, mzee wangu. Sasa umepata kazi ya maana.