Stempu Ndogo ya Bibi Beryl

14 Mtaa wa Hollins,
Burslem, Uingereza.
9 Machi 2012.

Mpendwa Babu Desmond,

Sijawahi kumwambia mtu kwamba kadi zako za Krismasi ninazo mimi. Kila mwaka Bibi husoma jina lako nyuma ya bahasha, akaitupa kwenye pipa la taka bila kuifungua, nami huifukua akishatoka jikoni. Zimefika sita. Nimezificha ndani ya kamusi, na anwani yako nimeipata humo.

Nilipaswa kuanza na salamu, nisamehe. Hujambo? Joto la huko Geelong, ng'ambo ya bahari, unalionaje, na kile kikohozi ulichokitaja kwenye kadi ya mwisho kimepoa? Mimi ni Tamsin, binti wa mwanao Gaynor, nina miaka kumi na sita. Mama hajambo. Mimi pia sijambo, ila hii ni barua ya nne. Zile tatu nimezichana, na hata sasa nimeshainuka kitini mara mbili.

Bibi ndiye si mzima sana. Goti lake la kulia limevimba, na daktari amemwambia aache kazi ya kusimama. Hawezi kuacha. Ana miaka sitini na sita, na kila jioni anapiga deki korido za shule ninayosoma mimi, kwa sababu pensheni yake ya serikali haimtoshi. Kengele ikilia huchukua ndoo nimsaidie, naye hunifukuza. "Nenda kasome huko, unanikanyagia sakafu."

Kwa nini pensheni ni ndogo, nadhani unajua, maana mlikuwa kiwanda kimoja cha vyombo, wewe kwenye tanuri, yeye akichora maua kwenye vikombe. Wiki moja kabla ya harusi yenu karani alimletea fomu, kama alivyomletea kila bi harusi, akamwambia, "Mumeo analipa stempu kubwa, wewe ya nini kujikamua? Lipa ndogo." Bibi akatia sahihi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni stempu za posta, zile zenye kichwa cha Malkia, ila kichwa chenyewe kidogo. Kumbe ni mchango wa pensheni, na huo mdogo haukumhesabia hata mwaka mmoja. Mlikaa pamoja miaka ishirini na miwili.

Nimesoma kitabu cha sheria za pensheni maktaba, nikakirudia ili nisikosee. Mwanamke aliyeachika, kama hakuolewa tena kabla ya kufikia umri wa pensheni, anaweza kuhesabiwa michango ya aliyekuwa mume wake mpaka siku ya talaka. Pensheni yako wewe haipungui hata peni moja. Lazima tu aombe. Lakini Bibi alipojaza fomu yake ya pensheni, ukurasa unaouliza habari za mume aliupiga mstari wote, kona hadi kona.

Nilimweleza Jumapili iliyopita, tukila chapati za shayiri na jibini. Akanikazia macho mpaka nikaona aibu.

"Tangu lini umekuwa wakili wangu?"

"Bibi, ni haki yako."

"Nilitia sahihi mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Na sitaki kitu chenye jina la yule bwana." Kisha akamgeukia Mama. "Gaynor, mtoto wako anasoma vitabu vibaya."

Mama alicheka. Mimi sikumaliza chakula.

Fomu mpya ninayo. Vyeti vya ndoa na talaka vimo kwenye kopo la biskuti. Kinachokosekana ni namba yako ya bima ya taifa, ile ambayo michango yako imeandikwa chini yake. Sijui mliachana kwa nini, na siulizi. Naomba namba tu. Tafadhali nijibu kwa anwani ya shule, nimeiandika nyuma. Sijazoea kumficha Bibi jambo, na tangu nianze kuandika nasikia hatua zake kila mahali, hata akiwa hayupo.

Mama angekusalimu kama angejua. Msalimie Bi Noreen, anayetia sahihi chini ya jina lako kwenye kadi. Mungu akutunze na akuondolee kikohozi.

Mjukuu wako, akupendaye kwa kadiri ya kadi sita,
Tamsin

Jumamosi.

Sikuweza kuituma Bibi asijue. Leo asubuhi nilimwekea mezani barua, fomu na kadi zote. Aliisoma barua mpaka mwisho, akasema goti ni la kushoto. Kisha akaivuta fomu, akaandika namba yako kutoka kichwani, herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja, bila kusita.

"Nani unadhani alikuwa akimjazia fomu zake? Mwandiko wake mwenyewe kama kuku kaparura."

Akatia sahihi, akaenda kuosha vyombo. Kadi hakuzigusa.

Kwa hiyo namba siihitaji tena, lakini barua naituma. Naandika haya nimesimama posta. Nimenunua stempu mbili, moja ya fomu ya Bibi, moja ya kwako. Ya kwako ndiyo kubwa.