Tundu ya Musumari mu Depo ya Physique

Lundi, 16 Oktoba 1961

Tangu samedi niko mu depo ya physique ya shule, najificha. Mimi, Zéphirin, mwalimu wa physique, nimefungiwa pamoja na mizani na prisme, sawa kintu kilivunjika. Fungulo iko na Marceline, mwalimu wa français. Aliniambia: kaka Zéphirin, gendarmes, bale baaskari, banachukua bantu ya Kasai sawa wewe nyumba kwa nyumba, na kwako balishafika. Njia ya kwenda ku camp ya bakimbizi ya ONU iko na barrières ya baaskari. Vendredi camionnette ya bapadri itapeleka unga kule, utalala chini ya mifuko. Mpaka ile siku, kimya.

Kimya! Mimi! Mutoto akijibu sawasawa, "Muzuri, ikala chini!" yangu inasikika mpaka barabarani.

Balipigilia mbao ku dirisha. Mbao moja iko na tundu ya musumari. Jua ikiwaka, kiwanja kizima kinaingia kwa ile tundu na kujipanga ku ukuta, miguu juu, kichwa chini. Banafunzi banatembea sawa popo. Sina dirisha ingine.

Mardi, 17 Oktoba

Balimupa Marceline darasa yangu. Namusikia kupitia ukuta. Leo alisema mwangaza "inachoka" ikienda mbali, njo maana inajikunja. Inachoka! Nilipiga ukuta na ngumi mbele ya kufikiri. Kule batoto baliuliza: ni nini? Kisha Marceline akasema: ni panya. Bakacheka.

Midi alileta chakula, bukari na matamba, na hasira. Kaka, unataka kufa juu ya mwangaza? Nilisema batoto bale bako na examen, mutihani. Akasema: nikifundisha muzuri sana, batauliza nani alinifundisha.

Iko na haki, najua. Lakini nilimuchorea leçon, somo nzima, ku karatasi. Kopo ya maziwa, tundu ndogo chini, karatasi ya kupakaa mafuta ku mudomo, nguo ya kufunika kichwa. Alichukua ile karatasi bila kuniaga.

Jeudi, 19 Oktoba

Ile leçon! Niliiona yote ku ukuta — darasa nzima kiwanjani na makopo ku macho, miguu juu, banaruka, banaitana. Sijaona physique inapendwa vile. Nililia, nisijidanganye.

Magaribi Marceline alikuya, uso mubaya. Directeur wa shule alimusifu, sawa. Lakini Mwenze — yule wa maulizo mingi, kaka yake ni gendarme — alisema mbele ya bote: Mademoiselle, hii ni sawa leçon ya Maître Zéphirin. Kisha akauliza: kopo ikikuwa kubwa sawa nyumba, muntu wa ndani atatuona sisi bote? Marceline akajibu ndiyo. Aliniuliza: ningesema nini, kaka? Wewe njo unasema tusidanganye batoto.

Aliniomba nizibe tundu. Nilikubali.

Sikuziba. Bila ile tundu nitapata wazimu humu ndani. Naogopa sana.

Vendredi, 20 Oktoba

Camionnette haiyafika. Banafunzi balishatoka. Kiwanja tupu ku ukuta.

Mwenze anarudi. Iko na kaka yake, na uniforme. Kaka anasimama pa bendera, anawasha sigara. Mwenze peke yake anakuya huku, anatazama mbao. Anakuwa mukubwa — mukubwa —

Picha ilizimika. Jicho yake iko ku tundu. Kunabaki mwangaza kidogo chini ya mulango, naandika pale, mikono ipate kintu cha kufanya.

Anaongea polepole. Maître, picha inapinduka sababu mwangaza inaenda moja kwa moja. Ya juu inapita tundu, inashuka. Ya chini inapanda. Ni vile?

Naziba kinywa na mukono.

Maître? Ni vile?

Kaka yake anaita toka bendera: Mwenze, unasema na nani?

Mwenze haondoi jicho ku tundu. Anangoja mimi kwanza. Na jibu yake iko juste, sawasawa. Juste kabisa, na "Muzuri, ikala chini!" yangu iko ku ulimi —